Ukoo wa Ujiji: upele wa Mzee

Shangazi Mwamvua: Assalaam alaikum wana ukoo. Mzee kaamkaje?

Da Zuhura: Waalaikum salaam, shikamoo shangazi. Uji kanywa nusu kikombe. Ila usiku hakulala, anasema anaungua huko chini. Mimi nimeshafika Kibirizi kwenye dagaa, Athumani ndiye aliyemwogesha.

Athumani: Shikamooni. Babu ana upele mbaya. Kinena chote, mapajani kwa ndani mpaka nyuma. Sehemu nyingine pamechubuka panatoa majimaji. Natuma picha
Athumani: 📷 Picha

Ba'mdogo Shabani: Athumani futa hiyo picha sasa hivi.
Ba'mdogo Shabani: Humu wamo wakwe na watoto wa shule. Kuugua hakujamvua Mzee sitara yake. Mtumie Hawa peke yake, yeye ndiye nesi, tena Mzee mwenyewe akiridhia.

Athumani: Imefutwa babu. Nimemuuliza, kasema Hawa aone, wengine hapana.

Kaka Idrisa: Kwani pampasi hazibadilishwi? Si nilituma hela juzi?

Da Zuhura: Idrisa usianze. Tangu apewe zile dawa za kifua anaharisha. Pakiti inaisha kabla hujaizoea.

Shangazi Mwamvua: Huo ni uchafu wa pampasi. Maji ya moto, sabuni ya mawese, asuguliwe na dodoki mpaka patakate, halafu apakwe mawese. Mama yetu tulimuuguza hivyo hivyo.

Athumani: Ndicho ninachofanya bibi. Kila nikimbadilisha, sabuni na dodoki. Leo alilia.

Hawa: Shikamooni wakubwa. Ndiyo natoka zamu. Picha nimeiona. Athumani, dodoki liishie leo.

Shangazi Mwamvua: Marhaba mwanangu. Sasa asisafishwe?

Hawa: Asafishwe shangazi, ila si kwa kusugua. Tatizo lake ngozi imelowa muda mrefu. Ngozi ya mtu ina tindikali kidogo juu yake, hiyo ndiyo kinga. Mkojo ukikaa unatoa amonia, ile harufu inayochoma pua, na tindikali inapotea. Kinyesi ni kibaya kuliko mkojo, maana kina vimeng'enya vya kusagia chakula. Vikikuta ngozi iliyolowa vinaisaga nayo. Cha kuhara kimebeba vingi zaidi, ndiyo maana hali imegeuka ghafla wiki hii.
Hawa: Na sabuni ya mawese inapikwa kwa kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni. Iko upande mmoja na amonia, nayo inaua tindikali ya ngozi. Kwa hiyo kila tukimwosha kwa hiyo tunamwongezea kilekile tunachokikimbia.

Kaka Idrisa: Umeeleweka daktari. Sasa afanywe nini?

Hawa: Nesi kaka, usinipandishe cheo 😄 Athumani, maji ya vuguvugu na kitambaa laini, fulana kuukuu ya pamba inatosha. Kwa mkojo maji matupu yanatosha. Kwa kinyesi tia sabuni laini kidogo isiyo na manukato, isuuzike yote. Fungua mikunjo yote, chini ya korodani pia, wengi husahau hapo. Kukausha ni kwa kugandamiza taulo, usifute kwa kuburuta. Muache bila pampasi dakika kadhaa, umfunike kanga tu, kisha ndiyo upake.

Athumani: Nipake nini? Bibi ameshaleta mawese.

Hawa: Mawese tule na maharage. Rangi yake inaficha kidonda, mimi nitajuaje ngozi imebadilika kama yote imeshakuwa nyekundu? Chukua krimu ya zinki, famasi za Mwanga huwa nayo. Ikikosekana, mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu. Paka kidogo tu. Ukibandika tabaka nene, mafuta yanahamia kwenye pampasi, inaziba, hainyonyi tena.
Hawa: Zinki ikichafuka futa ule uchafu wa juu, upake nyingine juu yake. Usiikwangue mpaka kwenye ngozi.

Kaka Idrisa: Na poda? Mtoto wetu hapa Dar tunampaka.

Hawa: Ikilowa inaganda mabonge kwenye mikunjo, mabonge yanachubua. Hapana. Spiriti na limau msiniulize kabisa.

Da Zuhura: Muuza duka hapa kanishauri tyubu moja, anasema ina dawa tatu ndani, inaponya kila upele.

Hawa: Iache da Zuhura. Tyubu za namna hiyo mara nyingi zina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Siku mbili utaona nafuu, baadaye ngozi inakuwa nyembamba na fangasi wanapata raha.
Hawa: Athumani hebu nijibu. Pembeni ya upele mkubwa, kuna vipele vidogo vidogo vimejitenga? Na kinena kinamwasha?

Athumani: Vipo. Kujikuna ndiyo kazi yake.

Hawa: Nilivihisi kwenye picha. Hao ni fangasi wamepanda juu ya upele. Dawa za kifua zinachangia, zinaua bakteria waliokuwa wanawabana fangasi, na hizohizo ndizo zinazomharisha. Ila msizikatishe wenyewe, mwende kwa aliyeziandika mkamwambie habari ya kuhara. Pale pale waiangalie na hiyo ngozi iliyochubuka. Wakikubali ni fangasi watampa klotrimazoli ya asilimia 1. Inapakwa nyembamba mara 2 kwa siku, ikishanyonywa ndipo zinki ifuate. Kwa kawaida ni wiki 2, hata upele ukiondoka mapema.

Kaka Idrisa: Nina wazo la kubana matumizi. Avae pampasi mbili mbili, ya juu ikijaa inatolewa.

Hawa: Joto mara mbili, jasho mara mbili. Bora mchana akiwa amelala asifungwe kabisa. Mtandikieni kanga kuukuu zilizokunjwa, na nailoni iwe chini ya shuka, isiguse mwili. Utaokoa hela na ngozi itapumua.

Ba'mdogo Shabani: Hawa, kuna jambo. Mzee hanywi maji. Kaniambia akishakula mchana hatii kitu mdomoni mpaka aswali magharibi, asije akachafuka. Na kila akihisi tone anataka aoshwe upya. Athumani shahidi.

Athumani: Kweli. Kuna siku nimemwosha mara tatu kati ya alasiri na magharibi.

Hawa: Ndiyo maana mkojo wake mzito vile! Baba, maji yakipungua mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, anaenda mara nyingi zaidi. Na huyu anaharisha, anahitaji maji kuliko sisi. Mpeni na ORS, ile dawa ya unga ya kuhara inayokorogwa kwenye maji.

Ba'mdogo Shabani: Nilimuuliza imamu wetu jana. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu ambaye mkojo hauzuiliki ana udhuru. Wakati wa sala ukishaingia anasafishwa, anafungwa kitu safi, anatia udhu, anaswali bila kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo hakiharibu sala yake. Kila faradhi na udhu wake. Leo baada ya alasiri nitakaa naye nimweleze mwenyewe, akisikia kwa watoto ataona mnamdanganya.

Hawa: Ahsante baba, umenisaidia kuliko dawa. Basi hizo nyakati tano ziwe ndiyo ratiba ya kumbadilisha. Katikati mchunguzeni kila saa mbili au tatu, na kinyesi kikitoka ni palepale, hakisubiri adhana. Pengo linalonitisha ni la isha mpaka alfajiri.

Da Zuhura: Usiku mimi nitaamka mara moja nimwamshe Athumani. Baba hataki nimwone, nami simlazimishi.

Athumani: Sawa ma'mkubwa. Ila Hawa, juu ya makalio katikati, kwenye kifandugu, pana doa. Babu mweusi, wekundu siuoni vizuri.

Hawa: Hilo sikuliona kwenye picha. Papase. Pana joto au pagumu kuliko pembeni? Rangi imekoza, kama zambarau?

Athumani: Pamekoza. Joto lipo kidogo. Nikigusa anashtuka.

Hawa: Hilo si la mkojo. Upele wa kulowa unatambaa kwenye mikunjo, hiki kiko juu ya mfupa, ni mgandamizo. Tangu kiharusi analala chali muda wote. Mlazeni ubavu, mto nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, mbadilisheni upande kila saa 2. Msimburute kwenye shuka, mnyanyueni watu wawili. Na hapo msipasugue wala kupakanda, hata kwa mafuta.
Hawa: Leo hii apelekwe hospitali ya Maweni, msisubiri Jumatatu. Wampime na sukari, maana fangasi na mkojo mwingi hupenda kwenda nayo. Akipata homa, usaha, harufu ya kuoza, au pakiwa peusi, hata usiku wa manane muondokeni.

Kaka Idrisa: Natuma ya bajaji na zinki sasa. Da Zuhura namba ileile?

Da Zuhura: Ileile. Ongeza ya glavu. Athumani anavaa mifuko ya sukari mikononi.

Ba'mdogo Shabani: Nakuja na gari la jirani saa tisa, bajaji itamtikisa. Athumani mwandae.

Shangazi Mwamvua: Sasa mie miche yangu minne ya sabuni ya mawese niliyonunua jana nikaitupe?

Hawa: Usitupe shangazi, fulieni kanga zake. Ila zisuuzwe mpaka maji yatoke meupe, zianikwe juani. Sabuni ikibaki kwenye nguo itamchoma vilevile.

Shangazi Mwamvua: Haya. Nani anafua?

Athumani: Mimi nina mgonjwa hospitali saa tisa