Je, ramani inayochorwa na wakaazi ipokelewe katika mipango ya mji?

Ndugu zangu, imesemwa katika mjadala huu kwamba kupanga mji ni kazi ya wataalamu, na kwamba raia anayechora ramani kwa programu za bure za intaneti huzidisha vurugu tu. Mimi nashikilia kwamba ramani yake ipokelewe, tena isomwe kabla mtaro haujachorwa ofisini.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilianza kuvipiga picha visiwa vyetu vya Zanzibar kwa droni, na wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakashiriki kuzirusha. Ni kazi ya kujivunia, lakini picha ya angani huona mabati. Hapa Ng'ambo, kichochoro ninachopitia alfajiri kimefunikwa na mapaa ya nyumba mbili, kwa hiyo pichani hakimo. Ukikipita wakati wa masika utaona alama ya matope ukutani, usawa wa goti, na mfuniko wa mtaro uliozibwa kwa mifuko ya saruji. Anayejua maji huanzia wapi ni bibi muuza urojo wa pale pembeni, ambaye kila mawingu yakitanda huihamisha meza yake mapema.

Kichochoro hicho huweza kuingizwa kwa dakika chache katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ya intaneti iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na iliyo wazi kwa kila mtu kuihariri. Streetmix nayo, programu ya kuchora mpangilio wa barabara, humwezesha asiye mhandisi kugawa upana wa barabara kwa mita, akaonesha mwenda kwa miguu na mwenye baskeli watabakiwa na nafasi gani. Dar es Salaam, kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani kwa kushirikisha jamii, wanafunzi na wakaazi wamechora hata mitaro ya maeneo yanayofurika.

Hofu iliyotajwa, kwamba mstari wa ramani utageuzwa ushahidi katika mgogoro wa kiwanja, ni nzito na siipuuzi. Ndiyo maana nasema tusichore mipaka ya viwanja wala tusiandike majina ya wenye nyumba. Tuchore njia, mitaro, visima na taa, kisha karatasi ichapwe, ipelekwe barazani mbele ya sheha, na wasiokuwa na simu za kisasa waisahihishe kwa kalamu.

Wenzangu mnaopinga, naomba mnijibu: ramani hii isipopokelewa, mtaalamu atakijuaje kichochoro ambacho picha yake haikioni?