GT86 au Roadster ND kwa barabara za Mbeya: programu ipi ya simulesheni?

Mwanjelwa_RPM: Wakuu, nataka kulinganisha Toyota GT86 na Mazda MX-5 ND (ndiyo Roadster ND) kwenye kompyuta kabla hela haijatoka. Barabara ni Mbeya–Chunya. Laptop ina RAM GB 8. Nitumie programu gani?

Uyole86: Mkuu, anza na data. ND ya paa la turubai inayotoka Japani kwa kawaida ni ya injini ya lita 1.5, hp 132 hivi, ya lita 2.0 utaikuta kwenye RF, ile ya paa gumu linalokunjwa. Ukiipa hp 184 hiyo ya 1.5, unapiga ramli. GT86 ni hp 200, kilo 1,240 hivi.

OptimumLap ni ya bure na nyepesi, inatosha kwa muda wa mzunguko na uwiano wa gia. Ila inalichukulia gari zima kama nukta moja, haina mbele wala nyuma. Haitakuambia lipi linagoma kona na lipi linatupa mkia.

Kihesa_Kona: Usisahau mwinuko. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, kwa hiyo densiti ya hewa weka kilo 1.04 kwa mita ya ujazo, siyo 1.225 ya usawa wa bahari. Injini zote mbili hazina turbo: zidisha torki kwa 0.85, hp 200 zinabaki 170, na 132 zinabaki 112. Ukinzani wa hewa nao unapungua hivyohivyo. Wengi hukata nguvu tu, wakaishia kulionea gari. Kwenye mteremko wa 8%, kupanda kwa kilomita 60 kwa saa kunaidai GT86 kilowati 16 za kunyanyua uzito peke yake.

Mwanjelwa_RPM: Na Assetto Corsa, lile gemu la simulesheni ya mbio?

Uyole86: Ina springi, shokapu, stabilaiza, na uzito unahama. Ugonjwa wake uko kwenye tairi. Mod (gari lililotengenezwa na mashabiki) mbili za watu wawili zina data mbili tofauti za tairi, hapo unalinganisha watengenezaji wa mod. Weka data ya tairi ileile kwenye magari yote mawili. Torki iko kwenye faili la power.lut, zidisha kila mstari kwa 0.85. BeamNG, gemu jingine la simulesheni, iache, magari yake rasmi ni ya kubuni.

Kihesa_Kona: Mimi ningeandika modeli ya magurudumu mawili (moja la mbele, moja la nyuma) kwenye Octave, programu ya hesabu, laptop yako haitatoka jasho. Inataka uzito, umbali wa kila ekseli hadi kitovu cha uzito, inersia ya gari kujizungusha, na ugumu wa tairi kwa pembeni. Hatua ya muda iwe sekunde 0.001. Usianzie kasi sifuri: pembe ya mtelezo (kati ya tairi linakotazama na linakokwenda) hesabu yake inagawanywa kwa kasi ya mbele, hesabu italipuka. Anzia mita 5 kwa sekunde.

Kisha zungusha kwenye duara la nusu kipenyo mita 40, ongeza kasi taratibu. Usukani ukidai kukatwa zaidi kadiri kasi inavyopanda, pua inasukuma nje. Ugumu wa tairi usiobadilika unaaminika hadi mchapuko wa pembeni wa 0.4 g hivi (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia). Zaidi ya hapo tumia fomula ya Pacejka, inayoonyesha mshiko wa tairi unavyofikia kikomo. GT86 ikiwa kwenye 0.9 g, kitovu chake cha uzito, kilicho milimita 460 juu ya ardhi, kinahamisha niutoni 3,300 hivi kwenda tairi za nje, na tairi ikibebeshwa mara mbili mshiko wake hauongezeki mara mbili.

Mwanjelwa_RPM: Mvua je?

Uyole86: Rudia yote kwa kigawe cha mshiko wa tairi na lami cha 0.6. Huku lami inalowa Novemba hadi Aprili, na mshindi wa kiangazi anaweza kubadilika.