Chenso ya cc 45 inabeba baa ya inchi 25? Nina mlingoti (mkaratusi) mnene nyuma ya nyumba ya mteja

mkata_njombe:
Habari za muda huu wakuu. Niko Njombe, kazi yangu kukata miti ya majumbani na mashambani, matawi yaliyolalia mabati, miparachichi iliyozeeka, paini, miwati ya kuni, na milingoti ndo usiseme. Mashine yangu ni Stihl MS 250, ile ya cc 45, ina baa (kile chuma kirefu ambacho cheni inakizunguka) ya inchi 18 na kwa kazi za kila siku haijawahi kunisumbua. Sasa kuna mteja ana mlingoti nyuma ya nyumba, mkubwa haswa, nimeuzungushia futi usawa wa kifua nimepata mita 2.6. Nikaenda duka la vipuri kuulizia baa ndefu, muuzaji kanitolea ya inchi 25 na cheni yake, anasema hii inaingia mashine yoyote wewe funga tu. Jamaa ninayefanya nae kazi anasema nikifunga hiyo naua injini. Naombeni kueleweshwa, urefu wa baa na ukubwa wa injini vinaendaje, na huu mti niufanyeje? Na kama ni kununua mashine nyingine niende cc ngapi, maana siku nyingi nakata vitu vya kawaida tu.

fundi_makambako:
Mkuu hiyo baa usilipe hela. Kwanza haitakaa. MS 250 inatumia baa zenye mkia mdogo, zile za 25 zimetengenezwa kwa mashine kubwa na ule mwanya unaopita kwenye boliti ni mwingine kabisa. Halafu spoketi yako, ile gia inayozungusha cheni, ni ya .325 na cheni nyingi za baa za 25 ni 3/8 (hizo ni saizi za nafasi ya viungo vya cheni, kwa inchi), hazitembei pamoja, zitakula spoketi mpaka iishe. Kwa hiyo "inaingia mashine yoyote" sio kweli.

Lakini tuseme ingeingia. Nguvu ya mashine haihesabu urefu wa chuma, inahesabu meno yaliyoko ndani ya mti kwa wakati mmoja. Kwenye cheni ya 3/8 ya kawaida kila inchi moja na nusu kuna jino. Baa ikizama inchi 16 kwenye gogo una meno kama 10 yanavuta, ikizama inchi 24 una 16. Hayo sita ya ziada yote yanaitegemea pistoni ileile. Utasikia sauti inashuka, cheni inapunguza mwendo, wewe unaanza kukandamiza, klachi inateleza inapata moto mpaka inageuka rangi ya bluu, na ukifungua kifuniko unakutana na harufu ya kuungua. Cha pili ni oili ya cheni. Pampu ya mashine ndogo inatoa kiasi kilichopangwa kwa baa fupi, ukirefusha huku kwenye ncha panafika pakavu, baa inalika kingo na cheni inalegea kila dakika.

Vipimo ninavyotumia kwa wateja wangu, na hapa nazungumzia mbao ngumu kama mlingoti sio paini: cc 30 hadi 35 inchi 12 au 14, 16 ni mwisho kabisa. Cc 45 kama yako 16 ndo nzuri, 18 ndo ukuta. Cc 50 hivi 18. Cc 60 inabeba 20 vizuri. Cc 70 na kitu, yaani MS 381 au Husqvarna 372, hapo 20 mpaka 25 bila shida. Ukitaka 30 kwenda juu nenda cc 90 na zaidi. Ile MS 070 mnayoiona kwa wapasua mbao ni cc 106 ndo maana inaburuza baa ndefu vile, ila ni nzito, hiyo huwezi kupanda nayo mtini.

Na msiamini namba iliyobandikwa kwenye ganda, hasa hizi mashine za bei chee zenye 5200 na 5800, yaani eti cc 52 na cc 58. Siku imefunguliwa pima mwenyewe: kipenyo cha pistoni kwa sentimita ukizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, kisha zidisha kwa safari ya pistoni. MS 381 ina 5.2 kwa 3.4, fanya hesabu utapata 72 na kidogo. Pistoni ya 4.52 yenye safari ya 3.4 inakupa 54 na kitu, haifiki 58 hata uibandike nini.

mzee_saohill:
Kijana, umejibiwa vizuri kuhusu mashine. Mimi nizungumzie mti.

Mita 2.6 gawa kwa 3.14 ni sentimita 83 hivi, karibu inchi 33. Hiyo ni kifuani, huku chini kwenye kisiki utazidi hapo. Watu wengi wanadhani lazima baa iwe ndefu kuliko unene wa mti, sio lazima. Ukizunguka pande mbili, baa ya 20 inakata mti wa karibu inchi 40. Unafungua mdomo, ule mkato wa pembe, upande unakotaka uangukie, usizidi theluthi ya unene. Halafu kwa mti mnene hivyo unaingiza ncha ya baa katikati ya mdomo ule, unatoboa kwenda nyuma unaondoa moyo, unaacha bawaba (mbao isiyokatwa inayouongoza mti ukianguka) pembeni kushoto na kulia. Ukija kukata nyuma unaanza upande mmoja, unazunguka kidogokidogo mpaka upande wa pili, na kabari unagonga mapema kabla mti haujaikalia baa. Wakati wa kutoboa anza na robo ya chini ya ncha, kamwe usianze na ile ya juu, hiyo ya juu ndo inayorusha mashine usoni. Nimeona mtu ameshonwa shavu kwa sababu hiyo.

Ila hayo ni kwa mti ulioko wazi. Wako uko nyuma ya nyumba, huo hauangushwi mzima. Unapandwa, unashushwa vipande kwa kamba. Na kule juu unataka mashine nyepesi yenye baa fupi, inchi 12 au 14, sio hiyo ndefu unayoitafuta. Baa ndefu ukiwa umening'inia ncha inagusa tawi usiloliona, na ukirushwa hapo huna pa kukimbilia. Kwa hiyo kazi yako asilimia kubwa ni ya mashine ndogo, baa kubwa unaihitaji kwenye shina la chini tu, tena nusu siku. Kakodishe hiyo MS 381 kwa mwenye nayo, siku hiyohiyo urudishe. Kama kuna waya wa umeme karibu, TANESCO waje wakate kwanza, hapo usibishane na mteja. Na kibali cha kukata uwe nacho kabla hujawasha.

pawasoo_uasin:
Salamu kutoka Eldoret. Nakubaliana na mzee lakini hapo kwa baa fupi nina neno. Sisi huku tukikata blue gum (hiyo milingoti yenu) shambani, mti ukishalala chini kuna kazi ya kutoa matawi na kukata magogo siku nzima, na ukiwa na baa ya inchi 16 unainama tangu asubuhi. Mimi niko na 381 na nimeweka ya 25, nasimama wima nafika chini. Na vile fundi amesema, mashine inasikia meno yaliyo ndani ya mti, sasa nikikata gogo la inchi 10 na baa ya 25 si meno ni yaleyale tu? Injini haichoki. Mgongo wangu ndio nilikuwa naharibu. So kwa mtu wa shamba mimi naona ukiwa na cc za kutosha weka ndefu.

fundi_makambako:
@pawasoo_uasin hapo uko sahihi, kwa gogo dogo meno ni yaleyale, kinachoongezeka ni uzito wa mbele na msuguano wa cheni kwenye baa. Kwa cc 72 huo msuguano hausikiki. Kwa cc 45 unasikika. Ndo maana nasema anza na cc, mgongo baadae. Ila uwe mwangalifu na ile ncha, gogo la inchi 10 kwa baa ya 25 ina maana inchi 15 ziko ng'ambo ya gogo zinatafuta cha kugonga, jiwe, mchanga, mguu wa msaidizi. Pale Njombe kwenye uwanja wa mtu umejaa matofali na vyuma mimi ningebaki na 20.

Jambo lingine mkata_njombe hujaliuliza lakini linakuhusu. Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inapoteza nguvu karibu asilimia 10 kila mita 1,000, kwa hiyo cc 45 yako huko haivuti kama cc 45 ya Dar. Hivyo vipimo nilivyotoa wewe chukua ule upande mfupi. Na kabureta ikitoka dukani mjini ikiwa haijarekebishwa inameza mafuta mengi, moshi mwingi, plagi inakuwa nyeusi. Mpelekee fundi aiseti hukohuko mlimani. Akiibana sana nayo inaunguza pistoni, asiifanye kwa kukisia, asikilize mashine ikiwa na mzigo.

tanga_minazi:
Jamani hamjasema kuhusu cheni yenyewe. Mimi nakata minazi iliyokufa huku Tanga na nawaambia unaweza kuwa na cc 70 na baa ya 20 ikakushinda kama meno yamelala. Mnazi nje ni mgumu ajabu, ndani laini, na unakula makali haraka sana. Cheni butu inatoa vumbi kama unga, cheni kali inatoa vipande. Ukiona unga simama unoe, usikandamize. Tupa nayo ina saizi yake, ile 3/8 ndogo ya mashine za cc 30 inatumia ya milimita 4, .325 ya kwako inatumia 4.8, 3/8 kubwa 5.2, .404 5.5. Watu wananolea tupa moja cheni zote ndo maana zinakata zikienda upande. Na kale kanundu kaliko mbele ya jino nako kanashushwa kidogo kwa tupa bapa, usikamalize, ukikashusha sana jino linang'ata kupita kiasi na mashine inakwama kila saa, hasa hizi ndogo.

mkata_njombe:
Asanteni sana wakuu, mzee shikamoo. Ile baa nimeiacha dukani. Nimepata mtu Mdandu ana 381 yenye baa ya 20, kakubali kunikodisha siku moja. Za juu nitapanda na kijana mwenye mashine ndogo ya inchi 12. Swali la mwisho, huyo mwenye 381 kaniambia cheni ni juu yangu. Nikienda dukani niseme nini ili wasinibambikie tena?

fundi_makambako:
Usiseme "cheni ya inchi 20", hapo ndo mnapoibiwa. Inatakiwa vitu vitatu. Angalia baa yenyewe karibu na mkia imeandikwa, kwa 20 ya Stihl ya 3/8 kawaida ni meno ya chini 72, yale yanayoingia kwenye mfereji, na upana wa mfereji ni milimita 1.6. Kwa hiyo sema 3/8, 1.6, meno ya chini 72. Ukishapewa geuza cheni uangalie, za Stihl zenyewe zimepigwa namba ndogo, kwenye kanundu ka mbele ya jino 3 maana yake 3/8, 2 ni .325, na kwenye jino la chini 6 ni 1.6 na 3 ni 1.3. Wakikupa ya 1.3 itaingia kwenye mfereji wa 1.6 vizuri tu, ila itacheza na kukata upinde. Ya 1.6 kwenye baa ya 1.3 haiingii kabisa. Chukua yenye meno ya kona ya mviringo, sio yale yenye kona kali, maana shina la chini la mlingoti lina mchanga kwenye gome na kona kali zinakufa haraka. Kabla ya kukata, pale utakapopitisha baa chuna gome kwa panga.

Na petroli ya kuchanganya, lita 5 kwa mililita 100 za oili nzuri ya injini za mchanganyiko. Kama oili ni ya kawaida weka 200. Umuulize mwenye mashine anatumia ipi.

mzee_saohill:
Marahaba. Cheni ukiikaza, ikaze baa ikiwa imeinuliwa ncha, ivute kwa mkono izunguke, isining'inie chini ya baa. Ikipata moto baada ya muda italegea, kaza tena. Ukimaliza kazi ilegeze kabla haijapoa, isijibane kwenye spoketi ya mwenzio.