Bima ndogo inalipa nini hasa ukigonga gari la mtu?

Mwenye IST: Wakuu, nina gari la matumizi binafsi hapa Tanzania, nimekata bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ya shilingi 118,000. Nikigonga gari la mtu na kosa ni langu, kampuni inalipa nini na mimi nabaki na nini? Na niliowapakia je?

Dawati la Madai: Laki moja ni ada ya bima, 18,000 ni VAT. Kwa hela hiyo kampuni inabeba deni lako kwa uliyemdhuru: matibabu yake, ulemavu au kifo, na mali yake uliyoharibu, iwe gari, ukuta au kibanda cha biashara. Gari lako halimo kabisa. Bampa, taa, rejeta, hata gari likiisha lote, unatengeneza mwenyewe. Anayetaka na la kwake lilipwe anakata bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani yake.

Kifungu kwa Kifungu: Hapo kwenye mali pana jambo. Sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 169, inakulazimisha kukinga kifo na majeraha. Mali inaingia kupitia mkataba wako, na mkataba una kikomo. Kitafute kwenye karatasi zako leo. Ukiivaa V8 ya mtu, gari la bei kubwa, kinachozidi kikomo unadaiwa wewe.

Abiria uliowapa lifti kwenye gari binafsi sheria haikulazimishi kuwakinga, kwa hiyo soma kama mkataba unawataja. Ukitoza nauli ilhali bima imeandikwa matumizi binafsi, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai.

Dawati la Madai: Sahihi, nakubali. Sasa siku ya ajali. Piga picha magari yakiwa yalivyo, namba zionekane, kisha ita trafiki apime. Usimwandikie mtu kwamba utamtengenezea: mikataba mingi inakukataza kukubali deni bila idhini ya kampuni. Toa taarifa kwa kampuni mapema, usingoje barua ya wakili. Majeruhi achukue PF3 polisi, ile fomu ya matibabu. Uliyemgonga atahitaji ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, nakala ya bima na leseni yako, na makadirio ya gereji. Na tafadhali mwambie asitengeneze gari kabla mkaguzi wa bima hajaliona. Madai mengi ya haki hukwama hapo, kwa sababu hakuna tena cha kukagua.

Mwenye IST: Asanteni sana. Nikivuka kwenda Nairobi inafanya kazi?

Kifungu kwa Kifungu: Bima ya hapa haivuki mpaka peke yake. Omba kampuni yako ikupe Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya safari. Hiyo inabeba deni lako kwa mtu wa tatu kwa kufuata sheria ya Kenya. Kabla ya yote, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima. Bima isipoonekana humo, mrudie aliyekuuzia leo hii, usiendeshe.