Ramani za zamani za viwanja Dodoma: tuzigeuze zote kwa mkupuo?

Mleta mada:
Wakuu, juzi nilimsindikiza shangazi Ihumwa kuona kiwanja alichonunua. Kijana mmoja akaingiza kwenye simu namba za ramani ya upimaji (koordineti, yaani namba zinazoonyesha mahali kiwanja kilipo), akatuongoza mpaka katikati ya alizeti za watu. Shangazi akalia, akijua katapeliwa. Hakutapeliwa. Ramani ilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, simu inasoma WGS84, mfumo wa setilaiti, na hapa Dodoma namba za mifumo hiyo zimepishana takribani mita 300. Kwa viwanja vyenye upana wa mita 20, mmeruka viwanja 15!

Wengi wanataka ramani zote zigeuzwe kutoka Arc 1960 kwenda WGS84 mara moja kwa kompyuta. Napinga. Arc 1960 ilijengwa kwa vipimo vya ardhini, enzi za kupima pembe kutoka kilima hadi kilima, na makosa yake hayalingani kila mahali. Vigezo vya wastani vya kugeuzia, yaani tarakimu zilezile za kurekebisha zinazotumika kila mahali, vinaweza kukuacha na kosa la hata mita 20. Hicho ni kiwanja kizima cha mtu.

Mchangiaji:
Mkuu, mimi ni mpima ardhi, sikubaliani nawe. Vifaa vyetu sasa ni vya setilaiti. Kila siku tunageuza namba kwenda na kurudi, na kila mara kuna nafasi ya kukosea. Mifumo miwili mji mmoja ni kuzalisha kesi. Zipimwe upya bikoni (alama za mipaka zilizosimikwa ardhini) chache za kila kitalu, yaani kila kundi la viwanja, tupate vigezo vya kitalu hicho, tuachane na Arc.

Mleta mada:
Kitalu kwa kitalu, tena kwa kufika kwenye bikoni? Hapo niko nawe kabisa. Ninachokataa ni kugeuza ukiwa umekaa ofisini. Na wakati tunasubiri, kila karatasi anayopewa mnunuzi iandikwe mfumo na kanda, yaani kile kipande cha dunia ambacho namba zake zinahesabiwa peke yake. Dodoma mjini ni kanda ya 36, Kongwa ni ya 37, maana mstari wa longitudo ya nyuzi 36 mashariki, mpaka wa kanda hizo, unapita katikati yao. Zisome namba za mjini kama za kanda ya 37 uone: kiwanja kinatua Bahari ya Hindi, mashariki ya Unguja.

Siku ile tulibadilisha mfumo kwenye simu, tukatembea tena, tukafyeka majani. Bikoni ilikuwepo, na namba iliyoandikwa juu yake ni ileile ya kwenye ramani.