Naomba ushauri: theluji ya Aprili huko Colorado

Hamjambo wakubwa. Niko Kisumu, na hapa mvua naisoma kwa macho: wingu likijaa juu ya vilima vya Nandi saa tisa alasiri, naanua nguo. Sasa mdogo wangu anaendesha lori Denver, Marekani. Aprili atapanda barabara kuu ya I-70 hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Anasema mgandamizo mdogo wa hewa ukipita kusini yao, upepo wa mashariki husukuma unyevu mlimani na theluji humwagika. Ramani mbili za utabiri wa theluji alizonitumia zinapingana: moja sentimita 10, nyingine 40! Jamani, utabiri unaaminika siku ngapi kabla? Aangalie njia ya huo mgandamizo au kimo cha baridi, yaani urefu ambako mvua hugeuka theluji? Minyororo ya magurudumu anayo.