MJADALA: Wanachuo wakienda kwenye maafa wabebe tope, au wapiganie waathirika wapewe kazi?

Mleta mada

Wadau habari zenu. Hili jambo linanikaa rohoni muda mrefu, leo acha nilitoe, naomba tubishane kwa hoja.

Kila yakitokea maafa nchi hii utaratibu ni uleule. Watu wanachanga, unga na magodoro yanapakiwa kwenye fuso, vyuo vinatangaza anayetaka kujitolea ajiandikishe, vijana wanaenda wiki moja wanazoa tope, wanapiga picha, wanarudi. Sina ubaya na hao vijana hata kidogo, wana moyo. Ila mchukulie kijana wa Katesh, Manyara, ambaye tope la Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 lilipita na nyumba yao na genge la mama yake. Mikono anayo, nguvu anazo, mtaa anaujua kuliko mtu yeyote, kitu asichonacho ni hela. Kwa nini akae pembeni apange foleni ya mchele wakati mgeni kutoka Dar anazoa bure tope lililo mlangoni kwake? Si alizoe yeye na jioni alipwe?

Kuna wanachuo Marekani waliwahi kulisimamia hili, ndio maana nimeleta mada. Kimbunga Katrina kilipiga Louisiana na Mississippi tarehe 29 Agosti 2005, kingo za kuzuia maji New Orleans zikapasuka, karibu asilimia 80 ya jiji ikazama. Wasio na gari wala nauli, wengi wao watu weusi maskini, ndio walibaki kwenye maji, baadaye wakapakiwa kwenye mabasi kupelekwa Houston na miji mingine. Wanafunzi toka vyuo kibao wakamiminika kujitolea na kazi ilikuwa nzito jamani. Mlangoni unakuta alama ya X ya rangi ya kupuliza waliyoiacha waokoaji, pembe moja tarehe waliyoingia, chini idadi ya maiti waliowakuta. Ndani kuta za jipsamu zimeoza zina ukungu mweusi, inabidi zing'olewe zote zibaki mbao tupu, friji linazungushiwa selotepu kabla ya kutolewa nje maana likifunguka ile nyama iliyolala wiki kadhaa bila umeme hakuna anayeivumilia.

Sasa huku wanafunzi wanabomoa bure, hela za serikali zilikuwa zinaenda wapi? Makampuni makubwa yalipewa tenda bila ushindani, mkubwa anampa mkandarasi mdogo, naye anampa mwingine, mpaka ifike kwa anayeshika nyundo imebaki chenji. Na tarehe 8 Septemba, siku kumi tu toka kimbunga kipige, Rais Bush akasimamisha kwenye maeneo yale sheria ya mwaka 1931 inayomlazimisha mkandarasi wa serikali alipe ujira wa kiwango cha eneo husika. Watu wakapiga kelele, ikarudishwa Novemba. Fikiria mtu kapoteza nyumba, halafu kitu cha kwanza kupunguzwa ni ujira wake!

Mwaka 2006 wanafunzi wa chuo cha San Jose State kule California, wakiwa na mwalimu wao wa sosholojia Scott Myers-Lipton, wakasema kujitolea peke yake hakutoshi. Wakaanzisha kampeni ya kudai serikali itoe ajira 100,000 kwa wakazi wa ukanda ule na waliohamishwa, wajenge wenyewe nyumba, shule na kingo za maji, na walipwe ujira unaoeleweka. Hawakulitoa hewani, Rais Roosevelt aliwahi kufanya kitu cha hivyo, mpango wake wa WPA, wa serikali kuwapa kazi wasio na ajira, kati ya 1935 na 1943 uliajiri watu kama milioni 8.5. Vijana wakazunguka vyuo vingine, wakaenda New Orleans kusikiliza wenyeji, wakabana wabunge mpaka Novemba 2007 Zoe Lofgren na wenzake wakapeleka muswada wa ajira hizo bungeni.

Hoja yao naikubali asilimia mia: bila kazi mtu harudi, na watu wasiporudi hata ukijenga unamjengea nani? Sensa ya 2000 New Orleans ilikuwa na watu kama 485,000, ya 2010 ikakuta kama 344,000.

Msimamo wangu basi. Mwanachuo akienda kwenye maafa asiende kuwa kibarua wa bure. Siku za kwanza za kuokoa watu sawa, kila mwenye mkono asaidie. Baada ya hapo apite kaya kwa kaya aandike nani fundi ujenzi, nani seremala, nani anajua kupika kwa ajili ya watu wengi, nani ana umri wa kufanya kazi, ile orodha waipeleke halmashauri na kwa mbunge wakiwa na wenyeji wenyewe, na wasikubali kuondoka mpaka wajibiwe. Karibuni.

mwanachuo_moro

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na imeniuma kidogo. Mimi nimewahi kujitolea, sio Hanang, ni kwenye mafuriko huku kwetu, na nakwambia siku ile hakuna aliyekuwa anawaza nani analipwa. Kuna bibi tulimtolea kitanda kwenye maji na magunia mawili ya mpunga yaliyoanza kuchipua, alikuwa analia ananishika mkono hataki kuniachia. Ningemwambia subiri bibi kwanza nijaze fomu ya ujuzi wako?

Halafu hilo la "wasikubali kuondoka mpaka wajibiwe" unaliongea kirahisi sana. Sisi tunasoma kwa mkopo, ukionekana unaleta harakati kwenye eneo la maafa kuna mtu atasema umetumwa na chama fulani na hapo chuo ndio basi tena. Wa Marekani wana nafasi ya kupiga kelele sisi hatuna.

fundi_babati

Mdogo wangu wa Moro usiumie, kazi mliyofanya ni ya heshima na Mungu atawalipa. Ila acha niongee kama fundi niliyeko Manyara.

Mleta mada yuko sahihi na wala hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza. Hii nchi tayari inajua kujenga kwa mafundi wa kijijini, si ndio fosi akaunti hiyo? Zile hela za mkopo wa UVIKO (korona) 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima ndani ya miezi michache, mkandarasi mkubwa hakuwepo, kamati ya kijiji inanunua saruji, fundi wa hapohapo anajenga, saidia fundi ni vijana wa hapohapo, mama anauza uji na maandazi saiti. Hela ilikuwa inazunguka kijijini mpaka muuza duka anakukopesha maana anajua Ijumaa utalipwa. Hanang waathirika wamejengewa nyumba zaidi ya 100 kule Waret, serikali imefanya vizuri sana hilo silipingi, sehemu kubwa ya kazi wakapewa SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa. Najua JKT wana kasi na nidhamu. Ninachouliza mimi, ukiacha nyumba iliyopo sasa, aliyepewa nyumba anakula nini ndani ya hiyo nyumba? Angalau angepewa miezi sita ya ujira kwenye msingi wake mwenyewe.

Tatizo la fosi akaunti lipo na nitalisema. Shule moja, siitaji, nimepiga plasta darasa mbili na hela ya mwisho sijaiona mpaka leo. Ukienda kwa mtendaji anakwambia nenda kwa mkuu wa shule, mkuu anasema fungu limeisha. Mkataba wenyewe ulikuwa karatasi ya daftari. Sasa hapo ndio namtaka mwanachuo! Sio aje kunibebea tofali, tofali nabeba mwenyewe miaka yote. Aje anisomee mkataba, aandike siku nilizofanya kazi, abandike ubaoni kwenye ofisi ya kijiji kwamba fundi huyu anadai kiasi hiki. Hiyo sio siasa, ni hesabu tu.

mchumi_wa_mtaa

Mbona mleta mada hujamalizia hadithi? Huo muswada wa akina San Jose haukupita. Ulipelekwa 2007, ukarudishwa tena 2009, haukuwahi kuwa sheria. Miaka yote ile ya kuzunguka vyuo, ajira 100,000 hazikuja. Na wale waliobaki wakibomoa nyumba bure, angalau kila siku jioni kulikuwa na nyumba moja safi. Mimi kati ya wawili hawa namchagua aliyesafisha hiyo nyumba moja.

Na kuna ishu ya pili. Ukilipa waathirika wazoe tope utapata wenye nguvu tu. Mzee, mjane mwenye mtoto mgongoni, mlemavu, hao ndio wameumia zaidi na hawashiki koleo. Wape watu hela mkononi, kila mtu atajua afanye nini nayo.

Mleta mada

Mchumi asante, hilo la muswada kufa ni kweli na nilipaswa kulijibu bila kuulizwa. Lakini jiulize ulikufa kwa sababu wazo ni bovu au kwa sababu walioathirika walikuwa wametawanywa majimbo mengine, hawana hata pa kukutania, na waliokuwa wanapiga kelele kwa niaba yao wako California? Huo ndio udhaifu ninaouona mimi. Kampeni ya mwanachuo peke yake bila mwathirika kukaa mbele haina miguu. Na nyumba moja safi kila siku ni sawa, ila ikisafishwa bure kuna mkandarasi sehemu atahesabu hiyo bure kama faida yake, na New Orleans vibarua wengi wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati walifanya kazi ya kubomoa na kuezeka wakadhulumiwa ujira wao kabisa. Mtu wa kufanya bure akiwepo anayedai malipo anaonekana msumbufu.

Mfano wa ajira kufanikiwa upo. Ufilipino, kimbunga Haiyan, Novemba 2013. Shirika la Kibudha la Tzu Chi kutoka Taiwan lilienda mji wa Tacloban likatangaza kila atakayekuja kusafisha mtaa wake analipwa peso 500 kwa siku, tena ni juu ya kima cha chini cha pale. Watu walijitokeza kwa maelfu, uchafu uliokuwa unafunga barabara ukaondoka, soko likaanza kufunguka kwa sababu sasa kuna mwenye hela ya kununua samaki. Na walikuwepo wa kujitolea pia, kazi yao ilikuwa kupanga makundi, kuhakiki majina, kulipa. Nafasi ya mwanachuo naiona pale pale.

La wazee na wajane nimelipokea. Wapewe hela bila masharti, sibishi. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, tayari ina orodha ya kaya masikini na ina utaratibu wa ajira za muda, watu wanachimba malambo na kutengeneza barabara za vijijini wanalipwa. Kwa nini huo mfumo usiruke moja kwa moja kwenye eneo la maafa wiki ya pili? Hili linajibika na linahitaji watu wa kulidai.

mama_wa_bukoba

Wanangu mimi niliyekuwepo tetemeko la Kagera tarehe 10 Septemba 2016 niwaambie kitu. Nyumba yangu ukuta wa jikoni ulianguka wote, nikalala nje na wajukuu chini ya turubai, mvua za Bukoba mnazijua. Januari 2017 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, alipokuja akasema wazi kwamba serikali haiwezi kujengea watu nyumba, kila mtu ajenge yake. Wapo walioona ni ukali, wapo walioona ni ukweli. Sawa, tujenge. Tujenge kwa hela gani? Vijana wetu walikuwa wamekaa, mafundi wapo, mawe yapo, mchanga upo. Kama kila kaya ingepewa nafasi ya mtu mmoja kufanya kazi na kulipwa kwa miezi mitatu, mtaa wetu ungesimama upya. Sisi hatukuwa tunaomba kujengewa, tuliomba kazi, ni vitu viwili tofauti na hakuna aliyekuja kutuuliza.

Walikuja vijana wa kujitolea, wazuri, wenye adabu, shikamoo bibi nyingi. Waliondoka na namba yangu ya simu, hawakupiga.

mwanachuo_moro

Shikamoo mama. Pole sana. Hiyo ya simu imenigusa maana hata mimi yule bibi wa magunia ya mpunga sikurudi kwake.

Fundi pia umenifungua macho, nilikuwa naona kampeni ni kushika mabango tu, kumbe hata kuandika siku za mtu na kuzibandika ubaoni ni kampeni. Hilo naweza na hakuna wa kunifukuza chuo kwa hilo. Ila mleta mada bado sikubaliani na wewe kwenye kitu kimoja, usitenganishe. Mimi nikizoa naye tope asubuhi ndio mchana ananiamini kunionyesha mkataba wake. Ukienda na daftari tu utaonekana mtu wa sensa.

fundi_babati

Hapo dogo umesema. Njoo na gambuti zako na daftari.

Mleta mada, mvua za masika hazisubiri mjadala. Kama kuna wanachuo wako tayari, mimi naweza kuandika hapa fomu inavyotakiwa kuwa: jina, kazi anayoijua, vifaa alivyobaki navyo maana wengi nyundo na timazi zilienda na maji, siku alizofanya, alicholipwa, anachodai. Wewe uliyetaja TASAF tutafutie anayehusika na ajira za muda ngazi ya wilaya tujue barua inaenda kwa nani. Mama wa Bukoba, tunaomba utuambie kaya ngapi mtaani kwenu hazijamaliza kujenga mpaka leo, tuanzie hapo.